Kahama, Kushoto, Rafu ya Pili

Kompyuta yetu ililetwa stoo na Landrova ikiwa ndani ya boksi kubwa la karatasi ngumu. Wapagazi waliishusha kama wanavyoshusha mgonjwa: wawili kichwani, wawili miguuni, na mmoja pembeni wa kusema polepole, polepole. Nilikuwa karani kijana wa stoo ya spea pale Shinyanga mjini, na ni mimi niliyekuwa nimetumwa Dar es Salaam kujifunza kuitumia. Nilisimama mlangoni nikiwa nimekumbatia disketi zake kifuani. Kama kuna mtu aliwahi kupenda mashine kabla haijawashwa, ni mimi.

Stoo ile ilikuwa ya chama cha ushirika. Viwanda vya kuchambua pamba vya mkoa mzima vilitegemea mikanda, misumeno, gia na beringi zetu, na hiyo ilikuwa miaka ambayo spea ilikuwa adimu kuliko sukari. Kitu kikikosekana kwetu, kiliagizwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam nao waliagiza ng'ambo, na pamba ikabaki inasubiri uwanjani.

Programu niliyofundishwa ilitaka mambo machache kwa kila kifaa: namba yake, jina lake, viko vingapi, na kinalala wapi. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha. Niliona ajabu kwamba nati iliyosahaulika vumbini ingekuwa na makazi yanayojulikana, kama mtu.

Mkuu wa stoo hakuonyesha furaha wala karaha. Alikuwa mzee wa mjini, mwenye kofia nyeupe ya kudarizi, aliyekulia kwenye duka la baba yake karibu na soko, na vitu vingi vya stoo alivihifadhi kichwani. Makao makuu walimwambia aijaribu kompyuta hadi mwisho wa msimu. Asipoona faida yake, wangeichukua na kuipeleka Mwanza. Basi akalichukua lile boksi, na vipande vyake vyeupe vya kuzuia mtikisiko, akaliweka chini ya meza yangu. Nilimwomba tulitupe, maana magoti yangu yalikosa nafasi.

"Liache, binti," alisema. "Wakija kuichukua wakute kila kitu kamili."

Kila nilipokaa kufanya kazi, boksi lile lilinigusa miguu.

Shida ya kwanza ilikuwa hayo makazi. Stoo yetu ilikuwa jengo refu, lenye mlango mkubwa mbele na mlango wa nyuma, na njia moja katikati iliyopita baina ya rafu za kushoto na za kulia. Hakukuwa na alama yoyote. Mchana mmoja, wapagazi wakila viazi, mabishano yakazuka kuhusu basi la Geita. Kiongozi wao, Msukuma wa Kishapu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alidai basi lile haliwezi kufika kabla ya jua kuzama. Mwenzake mmoja, aliyekuwa amechimba dhahabu huko Geita kabla ya kuchoka na mashimo, alimjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kuvuka Tinde asimfundishe njia ya nyumbani kwao. Waliitana watani, ingawa sijui kama makabila yao yalikuwa na utani wa asili au waliutengeneza wenyewe kwa kupenda kutukanana.

Nikiwasikiliza, niliiona stoo nzima ikinyooka mbele yangu kama barabara. Mlango wa mbele ungekuwa Shinyanga, na wa nyuma Geita. Katikati tungepita Tinde, Isaka, Kahama na Kakola. Nilipowaambia, waliacha viazi. Kufikia jioni vibao vinne vilikuwa vinaning'inia darini, na jengo likajaa kelele za makondakta: wa Isaka ashuke, wa Kahama asogee nyuma. Ukitaka kitu, ulitaja kituo, ukasema kushoto au kulia, kisha rafu ya ngapi kutoka chini. Kushoto na kulia hatukupaka rangi. Nani asiyejua kushoto kwake?

Tukaanza kuhesabu. Sijawahi kufanya kazi yenye raha kama ile. Tulifungua makasha yaliyokuwa hayajafunguliwa tangu nikiwa shuleni, tukatoa gia zilizolala kwenye grisi zikimetameta, mikanda iliyojikunja kama chatu. Wapagazi walitaja, msaidizi wangu aliandika kwenye kadi, nami niliingiza. Herufi za kijani zilipojipanga kwenye kioo cheusi, nilihisi kama naandika hadithi ambayo haiwezi kusema uongo.

Msimu ukaenda hadi mawingu ya kwanza ya mvua yakaanza kuonekana. Asubuhi moja redio kolu, iliyotuunganisha na viwanda, ikaita. Alikuwa fundi wa kiwanda kimoja cha upande wa Kishapu, na hakumaliza hata kusalimu. Beringi ya shafti kubwa ilikuwa imekufa, mashine zote zimesimama, na pamba ya wakulima ilikuwa imerundikwa uwanjani kama vilima, haina paa. Turubai walizokuwa nazo hazikutosha hata kilima kimoja. Aliuliza kama tunayo beringi ya namna ile.

Mkuu wa stoo alifumba macho kidogo, kama afanyavyo akipekua kichwa chake. Ya mwisho ilikwishatoka, alisema, na yeye ndiye aliyeitoa. Alikuwa anainua kipaza sauti kumjibu fundi nilipomwomba dakika moja.

Niliandika namba. Kioo kilitulia, kikawaza, kisha kikajibu: mbili. Kahama, kushoto, rafu ya pili.

Tulikwenda sote, mkuu mbele na kofia yake, wapagazi nyuma, mimi nikijizuia nisikimbie. Tukapita Tinde, tukapita Isaka. Kahama, kushoto, rafu ya pili, kulikuwa na maboksi ya boliti. Tuliyashusha yote. Nyuma yake ulikuwepo ukuta.

"Kompyuta imepanda basi bila tiketi," alisema kiongozi wa wapagazi. "Imeshushwa njiani." Wenzake wakacheka, na mimi ningecheka kama si zile boliti zilizokuwa zikinitazama.

Mkuu hakucheka. Alijifuta mikono taratibu, akasema anakwenda kumwambia fundi atafute turubai. Kisha akaniinamia na kusema kwa upole ambao uliniumiza kuliko ukali:

"Jioni utanisaidia kulifunga boksi, binti."

Aligeuka na kuelekea mlango wa mbele. Nilibaki katikati ya njia, nimekosa hata pa kuweka mikono. Nilijua mashine haikubuni. Mtu aliziona beringi mbili, akazitaja, nami nikaziandika. Zilikuwa ndani ya jengo lile, zikipumua pamoja nasi.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na yule wa Geita akaingia na gurudumu la mkokoteni begani. Kiongozi wake hakuiacha nafasi hiyo ipite. Alimpigia kelele kwamba mashine aliyokuwa akiibeba kama yai imewaaibisha, aje mwenyewe aone Kahama kushoto palivyo patupu.

Yule bwana hakusimama wala kufikiri. Alitembea hadi Kahama, akageuka kushoto kwake.

Kushoto kwake kulikuwa kulia kwetu.

Nilipiga kelele, nadhani, maana mkuu alisimama mlangoni na kugeuka. Nilimpita yule bwana na gurudumu lake, nikapiga magoti mbele ya rafu za upande ule, nikavuta gunia lililokuwa rafu ya pili. Chini yake kulikuwa na vifurushi viwili vya karatasi ya kahawia iliyolowa grisi. Nilichana kimoja. Beringi ilikaa pale, nzito na mpya, gololi zake zikimetameta kama meno ya mtu anayecheka.

Mambo yakajieleza yenyewe haraka. Wakati tunahesabu, lori lililobeba matairi liliwahi kuharibika mbele ya mlango mkubwa, na kwa muda vitu vya Kahama na Kakola vikahesabiwa kwa kuingilia nyuma. Aliyetaja alikuwa huyu wa Geita, na alitaja kushoto kwa jinsi alivyoingia. Beringi zenyewe, wapagazi walizikumbuka walipoziona: zilirudishwa na kiwanda kilichofungwa, mkuu akiwa likizo, na hakuna aliyemwambia.

"Kwa hiyo ulihesabu kinyumenyume," kiongozi wa wapagazi alimwambia mwenzake.

"Basi langu linatoka Geita, mtani. Ulitaka nianzie kwenu?"

Landrova iliondoka na beringi moja kabla vumbi la maneno yao halijatua. Mimi nilirudi kwenye mashine, na hapo nikaipenda upya, maana iliweka kumbukumbu ya kila kitu na siku kilipoingizwa. Niliiomba vitu vyote vya zile siku za mlango wa nyuma, ikanitolea, nasi tukavipitia kimoja kimoja. Kushoto na kulia tukavifuta kabisa. Upande mmoja wa stoo ulitazama reli, mwingine ulitazama ua wa minyaa, na mambo hayo mawili hayabadiliki hata uingilie dirishani. Tulipaka rangi: Reli huku, Minyaa kule. Nilipaka kwa haraka ya furaha, na mpaka leo neno Minyaa la pale Isaka limepinda.

Alasiri redio kolu ikaita. Mkuu alichukua kipaza sauti na kuuliza habari. Fundi hakujibu kwa maneno. Alisogeza kipaza sauti chake karibu na mashine, na chumba chetu kidogo kikajaa ngurumo ya kiwanda kizima kinachochambua pamba. Tuliisikiliza tumesimama. Juu ya bati letu matone machache yalianza kugonga, yakaacha, na ngurumo ile haikukatika.

Mkuu alirudisha kipaza sauti mahali pake. Akaja mezani kwangu, akainama, akalivuta lile boksi. Alilitikisa vipande vyeupe vikamwagika sakafuni, akalinyanyua hadi mlangoni na kumwita yule wa Geita, ambaye tulijua anakwenda kwao mwisho wa juma na alikuwa anatafuta kitu cha kubebea kuku wa mama yake.

"Lichukue," alisema. "Utoboe matundu wapate hewa."

Nilinyoosha miguu chini ya meza, mpaka mwisho.