Msimamizi Aliyefagisha Mikoko

Msimamizi wa msitu wetu wa mikoko hapa Kalimantan huvaa viatu vyeupe, na kila baada ya hatua chache huinama kuvifuta kwa leso. Hanyooshi mkono kuonyesha kitu. Huelekeza kwa kidevu, kama mtu anayefukuza kuku. Wageni wa kukagua msitu walipokaribia kuja, alituamuru sisi wanawake tunaokamata kaa tuzoe majani yote yaliyoanguka kwenye tope. Bi Rosnani, anayekamata kaa tangu akiwa kigori, akamwambia, "Bwana mkubwa, hicho ndicho chakula cha kaa. Wao wakila, kinyesi chao kinarutubisha tope, na mikoko nayo inakula."

Akacheka kwa pua. "Mama, kwako hufagii?"

Tulifagia wiki sita, tukachoma. Kaa wakahamia ng'ambo ya mto, vikapu vyetu vikarudi vyepesi. Siku ya wageni, mmoja akachutama, akauliza mbona haoni hata kaa mmoja.

"Hawa wanawake wamewamaliza," msimamizi akajibu mbele yetu, bila haya. "Hawana kiasi."

Bi Rosnani hakumtazama. Akafungua kamba ya mtumbwi wake. "Njoo, mwanangu," akamwambia mgeni, "nikuonyeshe walikohamia na kwa nini."

Wageni wote wakamfuata. Msimamizi tukamwacha ukingoni, akipiga kelele kwamba ziara haijaanza.