Mzee Aliyeshika Ekzosi

Cheka ukitaka, lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata tone la pombe. Mke wangu aliniomba nisilisimulie, maanake watu wa Rhonda, mtaa wetu, wana midomo. Nalisimulia kwa sababu kunyamaza kumenishinda.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Nekesa, mwalimu wa hapa mjini, aliniletea pikipiki ya marehemu baba yake, aliyekuwa mtu wa reli. Chuma cha zamani, silinda mbili, ekzosi mbili, yaani paipu za kutolea moshi, moja kila upande. Alitaka kuipanda Jumapili hadi Naivasha, kwenye ibada ya kumkumbuka mzee. Nikaifungua yote, nikaifunga, ikanguruma vizuri. Shida ikabaki moja: paipu ya kushoto ilichoma kama jiko la makaa, ya kulia ungeweza kuigusa.

Mafundi wengi wa mtaani watakuambia upande wa baridi ndio mgonjwa. Kwa hivyo nikahangaika na wa kulia. Plagi mpya, waya mpya, kabureta ya upande huo nikaisafisha hadi nikachoka. Wapi! Ile ya kushoto ikazidi kuwa moto mpaka chuma kikageuka buluu. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Nilichukua waya wa kusugulia sufuria, nikaisugua ile buluu ikaisha, kisha nikampigia Nekesa simu.

"Madam, iko sawa kabisa. Hizi za zamani hupata moto hivyo, ni kawaida."

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nayaficha huku kifo kikimngoja mtu mwingine.

Ijumaa alasiri nikaitoa kwa majaribio barabara ya Njoro. Injini huwezi kuijua vizuri bila mzigo, kwa hivyo sisi hubeba yeyote anayeelekea tunakoenda. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikaona mzee mmoja kando ya barabara, kofia kichwani, koti limelowa.

"Mzee, panda, ni bure," nikamwambia. Akapanda nyuma yangu.

Niamini, pikipiki haikudidimia hata kidogo kwa uzito wake. Mlima ulipoanza, injini haikulemewa. Ningejiuliza, lakini nilikuwa nimeshughulika kujipongeza.

Nikasimama pale akina mama wanapongojea lori la maziwa, nipime joto kwa kidole chenye mate. Kabla sijainama, mzee akashika paipu ya kushoto kwa kiganja chote. Kiganja kilikuwa kinadondoka maji, na hakikutoa mvuke wowote.

"Umetibu mzima," akasema. "Mgonjwa ni huyu wa kushoto. Anavuta hewa hapa shingoni mwa kabureta, petroli inakuwa kidogo, anajichoma mwenyewe."

Nilimcheka. Nilimcheka kwa sauti, mbele ya akina mama wote wale. "Mzee, enda zako. Kwani umewahi shika spana wewe?"

Hakukasirika. Akachukua mkono wangu wa kulia, akauweka juu ya ile paipu, akaukandamiza pale. Sikusikia moto. Nilisikia baridi, ile ya sakafu ya saruji alfajiri.

"Mtoto wangu asiipande hivi," akasema.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilitoroka. Niliacha pikipiki ya watu ikinguruma barabarani, nikaingia shamba la ngano mbio, nikapoteza kiatu. Suruali nayo ililowa, na si kwa mvua. Niliporudi nikichechemea, mama mmoja alikuwa ameizima.

"Yule mzee ameenda wapi?" nikauliza.

"Mzee gani? Wewe umekuja pekee yako, ukaanza kujiongelesha, ukashika ekzosi moto na mkono wako."

Nikaiwasha, nikamwaga maji kidogo pale shingoni. Sauti ikabadilika papo hapo, dalili kwamba ilikuwa ikivuta hewa. Nikafungua kabureta ya kushoto. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, ilikuwa imechanika, na hiyo gasketi niliikata mwenyewe kwa katoni ya biskuti, kama tunavyofanya sote ya dukani ikikosekana. Plagi ilikuwa nyeupe, ncha imeanza kuyeyuka. Nekesa angefika barabara kuu, pistoni ingekwama, gurudumu la nyuma lingejifunga, na angerushwa mbele ya malori.

Jumamosi alipokuja nilimwambia yote: katoni, ile buluu niliyoisugua, na mzee.

"Alisema 'mtoto wangu'?" akauliza.

"Ndiyo, madam. Hivyo hivyo."

Akaketi juu ya tairi kuukuu, akalia sana. Kisha akanishukuru. Mimi! Shukrani ile iliniaibisha kuliko suruali, na hadi leo nikikutana naye sokoni huwa nakata kona.

Na mkono wangu wa kulia hausikii moto tena. Iwe ni kikombe cha chai, jiko au ekzosi, najua nimeungua nikinusa harufu. Wateja wakiuliza kuhusu makovu nawaambia ni ya kazi.

Basi wewe unayenisikiliza, fundi au si fundi, mtu usiyemjua akikuambia kazi yako ina kasoro, usimcheke. Angalia kwanza. Mimi nilimcheka baba aliyetoka kaburini ili mtoto wake asiuawe na mimi.