Nakala Iliyotoka na Ufunguo Wake

Kazini binti yangu wanamwita Kufuli. Anatunza kompyuta za zahanati ambamo mimi nafanya usafi, na haendi hata chooni bila kufunga mashine yake.

"Kufuli, na chai umeifunga?" wenzake humtania.

"Nimeifunga, maana nawajua."

Kila Ijumaa hunakili mafaili ya wagonjwa kwenye diski ya akiba. Diski hiyo haisomeki bila ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu, nao hukaa kwenye sefu ya mhasibu. Alinieleza siku moja tukimenya viazi: nakala na ufunguo wake havilali chumba kimoja. Hata mimi wa darasa la saba nilielewa.

Mwezi uliopita meneja alitaka mfumo wote unakiliwe, upelekwe tawi jipya. Binti yangu akaomba saa mbili.

"Humo ndani mna nywila za wafanyakazi wote, bosi. Niziondoe kwanza, na nakala niipe ufunguo wake mpya. La sivyo, yeyote atakayeishika ataingia humu kwa jina la daktari."

"Dada, unakuza mambo. Dereva anasubiri."

Meneja akaunakili mfumo mwenyewe, vilevile ulivyo. Akautoa ufunguo kwenye sefu, akaunakili kwenye karatasi na kuibandika juu ya boksi kwa selotepu, vidole vikiwa na mafuta ya chipsi. Nilikuwa napiga deki hapo hapo.

Nikatoka kumwaga maji machafu. Gari lilikuwa getini, vioo vimeshushwa, boksi liko kitini. Dereva alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, anacheka. Nikawafikiria wanawake wanaoingia kwetu kwa mlango wa nyuma ili majirani wasiwaone. Wote walikuwa kwenye kiti kile. Nikalichukua.

"Mama, huo mzigo wa ofisi!" dereva alipaza sauti.

"Na mimi ni wa ofisi."

Nikampelekea binti yangu lile boksi. Alibadilisha nywila zote na funguo zote, akatengeneza nakala safi. Ufunguo wake akautia kwenye bahasha, akasaini juu ya gundi, akamkabidhi mhasibu. Ndipo meneja akaja na daftari la kumbukumbu.

"Andika kwamba ile ya kwanza haikutoka. Kwani kuna aliyeumia?"

Nilimkonyeza mwanangu aandike tu, yaishe. Naona haya kusema hivyo, lakini kazi haziokotwi. Yeye akaandika: Ilitoka na ufunguo wake, gari likiwa wazi.

Asubuhi yake alihamishiwa mapokezi. Sasa anaita wagonjwa kwa namba, na kwenye chumba cha kompyuta anakaa meneja mwenyewe.

Tukikutana koridoni, meneja hunisalimu kwa adabu zote. Mimi huinamia ndoo yangu, wala siitikii.