Wagiyo Akataa Kiti cha Heshima

Kabla madaktari hawajamkata koromeo, Pak Wagiyo alikuwa na sauti ya kutosha wilaya nzima. Harusi yoyote ya maana, kuanzia mjini Klaten hadi vijiji vya chini ya mlima, ni yeye aliyesimama mbele na kuwakaribisha wageni kwa Kijava kile cha adabu ambacho vijana wa leo hukisikiliza kama taarifa ya habari ya nchi nyingine. Kipaza sauti alikishika kwa ajili ya picha tu. Kisha sigara za karafuu, alizozipenda tangu ujana, zikamlipa kwa saratani. Alirudi nyumbani na tundu shingoni, kitambaa cheupe juu ya tundu, na midomo iliyocheza bila kutoa hata mnong'ono.

Watu wakaanza kumwonea huruma, na hapo ndipo walipokosea. Wagiyo anaweza kukusamehe umtukane mbele ya wakwe zake. Huruma hasamehe. Jirani aliyempelekea uji laini na kumpapasa bega alirudishiwa bakuli likiwa limejaa pilipili.

Kitu kimoja tu alikitaka: arudi uwanjani Jumapili arushe ndege yake. Alikuwa mwanachama wa klabu ya ndege ndogo, zile za kuongozwa kwa rimoti kutoka chini, tangu klabu ilipoanza. Walikuwamo fundi wa pikipiki, muuza mbegu, daktari wa meno na wengine wa kila namna, na walirushia kwenye uwanja wa kitongoji, katikati ya mashamba ya miwa. Ndege ya Wagiyo ilikuwa nyekundu, ameichonga mwenyewe kwa mbao nyepesi, na ilikuwa na injini ya kunywa mafuta. Ndege za betri aliziita feni za mezani.

Shida ilikuwa kanuni. Katika klabu ile, anayetaka kutua lazima aite kwanza kwa sauti, "Natua!", ili wote waliomo kwenye njia ya ndege watoke. Na lazima aite kwa kinywa chake mwenyewe. Maneno hayo yaliingizwa baada ya Mas Trimo, fundi wa pikipiki, kumwachia shemeji yake kazi ya kuita. Shemeji alikuwa na tempe ya moto, soya ya kukaanga, mdomoni, ndege ikashuka kimya kimya na kupasua sanduku la vifaa la daktari wa meno. Aliyesimama siku ile na kudai "kwa kinywa chake mwenyewe", kwa sauti iliyotikisa turubai, ni Wagiyo. Walimpigia makofi.

Kwa hiyo Jumapili aliyorudi, mwenyekiti alimngojea na hotuba. Mwenyekiti alikuwa Pak Harsoyo, mpima ardhi mstaafu, mtu safi, mwenye kupenda mistari iliyonyooka. Alisema klabu imefurahi sana. Alisema klabu haiwezi kumsahau mtu kama huyu. Kisha akaonyesha kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa cha batiki, chini ya turubai, na birika la chai pembeni.

"Kuanzia leo, Pak Wagiyo, wewe ni mshauri wetu wa heshima. Unakaa hapa kivulini, unakunywa chai, unatutazama. Kuruka tuachie sisi."

Wagiyo aligeuka akamtazama mkewe, Bu Ngatinah, ambaye siku hizi ndiye aliyesoma midomo yake na kuwaambia watu. Midomo ikacheza kidogo.

"Anasema asante," alisema Bu Ngatinah. Watu wakashusha pumzi. "Anasema pia kiti hicho mkikalie wenyewe, mmoja mmoja, kwa zamu, mpaka kivunjike. Na chai imepoa."

"Amesema yote hayo?" aliuliza Trimo. "Mbona mdomo umecheza mara moja tu?"

"Mengine nimeongeza. Miaka yote hii nimelala naye kitanda kimoja, najua anakoelekea."

Wagiyo hakukanusha. Aliinua mikono yake miwili mbele ya uso wa Harsoyo, akavifungua na kuvifunga vidole vyote kumi, kisha akagusa kitambaa cha shingoni na kutikisa kichwa. Hilo halikuhitaji mkalimani. Kilichokatwa ni koo.

"Pak, mimi sina ubaya na wewe," alisema Harsoyo. "Lakini kanuni ni yako mwenyewe. Uliileta wewe."

Hapo Wagiyo aliumia kweli. Alibeba ndege yake, akarudi nyumbani bila kumuaga mtu, na siku hiyo hakugusa chakula.

Jumapili iliyofuata alikuja na kentongan, ule mwanzi wenye mpasuo ambao walinzi wa kitongoji huugonga. Akauning'iniza mahali wanaposimama warushaji. Bu Ngatinah alieleza mpango: mumewe akitikisa kichwa, yeye atagonga polepole, ko, ko, ko, maana yake ndege inatua. Harsoyo alikunja uso, lakini wengine walisema ajaribiwe, mwanzi nao una kinywa. Harsoyo akakubali kwa shingo upande.

Ndege nyekundu ilipaa vizuri. Wagiyo aliizungusha juu ya miwa, akailaza ubavu, akaipindua tumbo juu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali uso wake ukawa wa mtu aliye kwake. Kisha upepo ukageuka ghafla wakati anaishusha. Ndege ikazama upande mmoja. Wagiyo akatikisa kichwa kwa nguvu, tena na tena, na Bu Ngatinah, kuona kichwa cha mumewe kinavyorushwa vile, akachanganyikiwa. Akagonga mfululizo, kwa haraka, bila kupumzika.

Sasa, hakuna Mjava asiyejua mlio wa mwanzi wa haraka usiokatika. Ni wa hatari. Ni wa mwizi.

Miwa ilifunguka ikatoa watu. Walikuja na mundu, na majembe, mmoja na mkuki wa samaki, mwingine na povu la sabuni kichwani na taulo kiunoni. Wakulima, walinzi, bibi mmoja na mchi wake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwizi! Anakimbilia wapi?"

Kwa bahati mbaya aliyekuwa anakimbia ni Trimo, na mkononi ana dumu la mafuta, anatoka njiani kuipisha ndege. Walimwangusha kwenye tuta.

"Jamani, mimi ni wa klabu! Mimi ni wa klabu!"

"Wezi wote siku hizi wana klabu!" alijibu bibi wa mchi, na akampiga nao matakoni kabla hajazuiwa.

Ndege ilitua salama, lakini hakuna aliyeitazama. Katika kitongoji kile, aliyegonga mwanzi bure huwanywesha wote waliokuja, na hawaondoki mpaka wamenyweshwa. Bu Ngatinah alichemsha chai mpaka jua likawa kali, na wageni wake wakakaa kwa starehe, wengine wakiulizia mihogo. Mkuu wa kitongoji, baada ya kumaliza glasi yake, alisema kwa upole kwamba akiusikia tena mwanzi ule uwanjani, klabu itafute uwanja mwingine. Harsoyo alimgeukia Wagiyo.

"Umeona? Basi, Pak. Imetosha. Huruki tena."

Wiki nzima Wagiyo alikuwa mtu wa kuogopwa nyumbani. Aliketi uani na ndege yake, akiifungua na kuifunga, na injini akiiwasha na kuizima bila sababu. Siku moja, kwa hasira tu, aliiongeza moto mara tatu kwa vishindo: vruum, vruum, vruum. Bu Ngatinah akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nini? Mbona unaniita?"

Wagiyo akamtazama mkewe, akaitazama injini. Akaongeza moto tena mara tatu.

"Nimeshakuja, Baba Ratri! Unataka nini?"

Wagiyo alicheka. Kicheko chake siku hizi ni mabega tu, lakini mabega yalicheka sana.

Jumapili alifika mapema kabla ya mwenyekiti. Bu Ngatinah aliwaambia waliokuwapo: ndege yenyewe itaita. Mkisikia ikinguruma mara tatu, tokeni. Hakuomba ruhusa ya mtu, wala mumewe hakungoja jibu. Akapaa. Alipotaka kutua, akiwa bado juu, aliingurumisha mara tatu, na watu wote wakageuza vichwa palepale, wakaiona ni ipi na inatokea wapi, wakatoka. Alitua. Akapaa tena.

"Inakoroma kama baba mkwe wangu," alisema Trimo. "Lakini walau hii ukiisikia unajua inakuja."

Ndipo Harsoyo alipotokea upande wa pili wa uwanja na pikipiki yake, ndege yake ya manjano imefungwa nyuma. Alipoona ile nyekundu iko hewani, hakuvua hata kofia ya pikipiki. Alisimama ukingoni mwa njia na kupaza sauti.

"Pak Wagiyo! Ishushe! Nimesema huruki!"

Wagiyo alimwona, akaipandisha zaidi. Kila Harsoyo alipoonyesha chini, ndege ilikwenda juu. Wenzake walimsihi. Trimo alimwambia, "Mzee, tua basi, tutaongea naye." Hakutaka kusikia. Alijua akitua itakuwa ndiyo mwisho, kiti na chai mpaka kufa, basi akazunguka, akazunguka, na moyo wake ulikuwa umejaa hasira tamu kiasi kwamba aliyasahau mafuta, jambo ambalo angemkaripia mwanachama mpya.

Injini ikakohoa, ikazima.

Wakati huohuo Harsoyo alichoka kupiga kelele, akaingia njiani kuja kumnyang'anya rimoti. Alikuja moja kwa moja, kidole mbele, kofia kichwani. Na kutoka ubavuni kwake ndege nyekundu ilikuwa inashuka, nzito, kasi, bila mlio wowote. Wagiyo alibonyeza moto, hapakuwa na moto. Alifungua kinywa chake mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Ondoka!" alilia Bu Ngatinah. "Pak Harsoyo, ndege! Ndege!"

"Harsoyo, toka!" walipiga kelele wote, daktari wa meno, muuza mbegu, Trimo.

"Pigeni kelele mpaka jioni!" alijibu Harsoyo ndani ya kofia yake, akizidi kuja. "Na mumeo leo anatua, Bu Ngatinah!"

Wagiyo alikuwa na nafasi moja tu. Kidole gumba chake kikaisukuma ndege kando, kuelekea kwenye miwa. Ilimpita Harsoyo karibu kabisa na bega, akausikia upepo wake, akageuka wakati inavunjika. Mlio wa mbao nyepesi zikipasuka ni mdogo, lakini kila mtu pale aliujua.

Harsoyo alivua kofia. Uso wake ulikuwa umekwisha damu.

"Hamkuniita?" aliuliza.

"Tumekuita, Pak," alisema Trimo. "Wote. Kwa vinywa vyetu wenyewe."

Wagiyo aliingia peke yake kwenye miwa. Alipotoka alikuwa na bawa moja, mkia, na injini iliyojaa udongo. Aliviweka chini mbele ya watu. Akaviinamia, na asiyemjua angedhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa na ghadhabu kubwa kuliko alizowahi kuwa nazo alipokuwa na sauti ya kuitolea.

"Nitakununulia nyingine," alisema Harsoyo. "Pak, naapa. Ungeweza kunivunja shingo. Niambie tu unataka nini."

Midomo ya Wagiyo ikacheza.

"Anataka kuruka," alisema Bu Ngatinah.

"Ndiyo, akishapata nyingine, tutakaa, tutaongea kuhusu kanuni..."

"Leo. Sasa hivi."

"Na nini? Yake si hiyo imevunjika?"

"Yako haijavunjika."

Watu wakamgeukia Harsoyo. Ile ndege ya manjano hakuna aliyewahi kuigusa. Harsoyo huifuta vumbi kwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo, na mkewe mwenyewe haruhusiwi kuisogeza. Aliitazama ndege, akamtazama Wagiyo, ambaye alikuwa amekwisha kunyoosha mkono na hakuwa na mpango wa kuushusha. Harsoyo akaifungua kutoka kwenye pikipiki. Akaijaza mafuta, akaiwasha, akampa rimoti.

Wagiyo hakuinamisha kichwa kushukuru. Aliipaisha. Mwanzoni aliirusha kwa ukali, akaikata hewani kwa pembe ambazo zilimfanya Harsoyo ashike kifua, kisha mikono ikatulia na ndege ikatulia nayo. Chini, wanachama walikuwa wametawanyika njiani wakiokota vipande vyekundu vilivyorushwa na kishindo. Harsoyo mwenyewe aliinama katikati yao, akiokota.

Ndege ikanguruma mara tatu.

Wa kwanza kuruka majanini alikuwa Harsoyo, vipande vikiwa kifuani, na wengine wakamfuata. Njia ikabaki tupu, ndefu, ikingoja. Wagiyo aliileta ndege chini, chini kabisa, mpaka magurudumu yakakaribia kugusa majani. Tangi lilikuwa bado nusu. Akaongeza moto, akaipandisha tena juu ya miwa. Angetua atakapotaka mwenyewe.