Majina tisa yaliyobaki chini ya kioo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Rozina Okech anasimama kwenye geti la kiwanda cha minofu ya sangara, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Hakutumwa na mtu. Kazi yake ni ya ofisini, kuandika orodha ya vibarua. Leo amekuja kuisikia ikisomwa.

Msimamizi wa vibarua, Bwana Maige, ameweka kompyuta ya kupakata juu ya kreti ya samaki iliyopinduliwa. Anaita jina, mwanamke anaingia. Anaita jingine. Baada ya Rebeka, jina la thelathini na moja, anaacha kuita.

"Basi. Wengine hamjaandikwa."

"Hatujaandikwa na nani?" anauliza Teodora Luhaga, mkata minofu mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. "Kisu changu kimo humo ndani, bwana. Na aproni yangu."

"Mama, kompyuta haidanganyi."

Ni siku ya nne. Wanawake tisa, kuanzia Salome hadi Yustina, wanarudishwa makwao kama kuku waliokosa mnunuzi. Nafasi zao wanapewa watu wasiokuwa kwenye orodha, waliotangulia kufika getini. Kibarua hapa analipwa shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku, na kwa Teodora ndiyo inayowasha jiko.

Rozina aliandika majina arobaini. Ana hakika, maana huyahesabu kwa kidole, tabia aliyotoka nayo kwenye mashine ya chapa. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma mpaka lilipouzwa mwaka 1994, naye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake sitini.

"Watu hawakuja kuniuliza," anasema. "Walikuja kunishika. Suzana, mmoja wa wale tisa, alinikuta bombani kule Mabatini, mbele za watu, akaniambia, 'Dada Rozina, nafasi yangu umemuuzia nani?' Ndoo niliiacha palepale."

Ndiyo maana yuko getini. Anasogea, anainama juu ya kreti.

"Shikamoo, Bwana Maige. Naomba nishike."

"Marahaba. Usiguse! Mtaalamu alikataza."

Rozina ameshagusa. Anatelezesha kidole kwenye kibao kilicho mbele ya vitufe, mshale unashuka mpaka ukingo wa chini wa kioo, na hapo maandishi yote ya kioo yanapanda, kama pazia lililovutwa. Salome anatokea. Selina. Suzana. Mpaka Yustina.

"Kitendawili!" anapaza sauti Teodora.

"Tega!" wanaitikia wenzake.

"Nyumba yangu ina watu arobaini, mwenyewe anahesabu thelathini na mmoja, na hakuna aliyetoka."

"Kompyuta ya Maige!"

Kicheko kinafika mpaka barabarani. Maige hacheki.

Kosa lenyewe ni dogo, na ndiyo maana linauma. Mtaalamu wa kompyuta aliyetoka Dar es Salaam aliiunganisha kompyuta hiyo na kioo kikubwa cha ofisini, akaiwekea kipimo cha kioo hicho: nukta 1,024 kwa 768. Ofisini Rozina aliona kila kitu. Lakini kioo cha kompyuta yenyewe kimetengenezwa kwa nukta 800 kwa 600 tu. Ikibebwa kwenda getini inabaki na kipimo kile kikubwa, na kinachozidi kinajificha nje ya ukingo, bila hata alama ya kuonyesha kwamba kuna zaidi.

"Ni kumvika mtoto gauni la mama yake, halafu useme mtoto hana miguu," anasema Rozina.

Asubuhi hiyohiyo alirudisha kipimo cha kioo, akaikata orodha kurasa mbili. Wale tisa wakaingia kazini. Saa nane mchana meneja akamwita, akampa barua ya onyo kwa kubadilisha mashine bila kibali. Siku iliyofuata kipimo kikarudishwa kule juu na orodha ikawa ukurasa mmoja tena, kwa amri ya meneja, kwa sababu mtaalamu ndiye anayejua.

"Nikamuuliza meneja, sasa hao tisa? Akasema, 'Maige atakumbuka kushusha mshale.' Atakumbuka! Mtu ale au asile, ni juu ya kumbukumbu ya Maige?"

Aliomba orodha ibandikwe getini kwa karatasi. Akajibiwa kwamba kampuni ya kisasa haibandiki makaratasi. Toka hapo Maige amesahau mara mbili.

Jumapili jioni, chumbani kwa Rozina, Mabatini, wanawake wote arobaini wamepita. Juu ya meza kuna boksi la minofu lililokunjuliwa, na kila mmoja ameandika jina lake kwa mkono wake. Teodora, ambaye hakusoma, amekataa kuandikiwa. Amebonyeza dole gumba lenye wino, akalitazama.

"Sasa na aniambie simo," anasema.

"Kesho nalipigilia getini kabla Maige hajafungua mashine yake," anasema Rozina. "Barua ya pili ni kufukuzwa, najua. Nimeshakopa nyundo."