Springi Niliyoipoteza Migwani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya maji ya Migwani, Msimamizi wa Karakana hakuniuliza cheti. Aliniwekea racheti mezani, ile spana ya kukaza boliti bila kuitoa na kuirudisha kila mzunguko. Ilikuwa inateleza.

"Ifungue, uioshe, uirudishe," akasema. "Nitakuja saa sita."

Nilikuwa msichana pekee pale, na mafundi walikuwa wananitazama. Nikatoa skrubu mbili za kifuniko. Ndani mlikuwa na gurudumu dogo lenye meno, na kando yake kipande cha chuma tulichokiita ulimi. Ukivuta mpini, ulimi unauma yale meno, ukirudisha, unayaachilia. Kinachousukuma ni springi isiyozidi punje ya mahindi. Nilipoinua ulimi, springi iliruka.

Niliitafuta kwa magoti hadi karibu saa sita. Sikuipata. Aibu ikanishika. Nikaosha vilivyobaki kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi nzito ili ulimi ushike kidogo, nikafunga. Msimamizi akaijaribu kwenye nati moja, ikashika. "Vizuri," akasema.

Alasiri Fundi Mutua, aliyekuwa akifungua injini, aliivuta ile racheti kwa nguvu zake zote. Ulimi ukaachilia, ngumi yake ikagonga chuma. Vidole viwili vilipasuka mpaka mfupa ukaonekana.

Hakuna aliyenishuku. Walisema racheti ni kuukuu. Ningenyamaza, yangeisha. Lakini wakati wa kunawa mikono nilishindwa, nikaenda kwa Msimamizi.

"Mzee, ndani ya racheti hakuna springi. Ilinipotea, nikaficha."

Akafuta mikono. "Kupoteza springi si kitu, hata mimi nimepoteza. Lakini umempa mtu chombo ukijua ni kibovu. Nenda umwambie Mutua mwenyewe."

Nilimkuta ameshafungwa bendeji, nikamweleza nikilia. Akasema, "Kesho uje mapema. Utakuwa mkono wangu mpaka huu upone."

Nikawa mkono wake wiki sita. Yeye alisema, mimi nikafanya. Wiki hizo ndizo zilizonifanya fundi.

Miaka mingi baadaye nilitumwa kijijini Nuu peke yangu. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa kwa siku tatu, na ng'ombe walikuwa wamelala chini kwa kiu. Nikiwa nimebakiza boliti nne, racheti ikaanza kuteleza. Mwenyekiti wa kisima, mzee wa kanisa, akasogea karibu.

"Mwaitu," akaniita kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake kwa Kikamba, "tutapata maji leo?"

"Sijui bado, mzee. Nikijua nitakwambia."

Nikatandaza leso yangu juu ya mchanga, nikaifungua racheti hapo. Ulimi wake ulikuwa na pande mbili: meno ya upande wa kukaza yalikuwa yamelika, lakini ya upande wa kulegeza yalikuwa mazima. Nikaugeuza ulimi chini juu, upande mzima ukachukua kazi. Maji yalipotoka, mzee alivua kofia, akaomba. Ng'ombe hawakungoja amina.

Siku hizi racheti ikiteleza inatupwa, inanunuliwa nyingine. Siwalaumu vijana. Ila fundi ambaye hajawahi kuifungua hajui nguvu yake inapitia wapi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kathonzweni, nyumbani kwangu. Nilitunza injini ya dizeli ya kisima miaka tisa, kisha ikaja amri ya kuweka sola. Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuitoa ile injini. Kwa mara ya kwanza maishani nilifungua kitu nikijua sitakirudisha. Mhandisi wa Kaunti, binti mpole, aliniona nimesimama tu.

"Mama, umechoka?"

"Hapana. Naiaga."

Akawasha sola. Maji yakatoka bila kelele yoyote. Miaka tisa nilikuwa nimesimama pale nisisikie ila injini. Sasa nikawasikia akina mama kwenye foleni. Mmoja alikuwa akisimulia harusi ya bintiye, mwingine akilalamika kwamba ndengu zimeliwa na wadudu, na wote wakacheka jambo ambalo sikulipata vizuri.

Nikanawa grisi, nikachukua mtungi wangu, nikaenda kusimama nyuma yao.