Mama Alipoachwa Peke Yake na Maumivu

Mama yake Mshonaji alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini alifua mashuka ya wagonjwa hospitalini, mpaka saratani ilipomwingia kwenye mifupa ya nyonga ikamlaza chali. Maumivu yakimbana, alikamata ubao wa kitanda na kusema, "Yesu, wewe unajua. Na wewe uliumia." Kisha alitulia kidogo. Vidonge vilimsaidia, lakini maneno hayo yalimsaidia zaidi.

Kaka yake Mshonaji alifundisha hesabu, na hata nyumbani walimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Akikupa mkono, leso inafuata kufuta kiganja. Siku hizo alijiunga na kikundi kilichokutana Jumamosi kwenye darasa tupu. Walikuwa wamefufua fundisho la Wakristo fulani wa zamani sana, ambalo kanisa lilikwisha kulikataa: kwamba Kristo hakuwa na mwili wa kweli, alionekana tu kuwa nao. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili. Mungu mwenye jasho na usaha alimwona ni matusi.

Asubuhi moja Mshonaji alikuwa anampaka mama yake mafuta mgongoni. Mama akaomba kama kawaida yake. Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashindwa kujizuia.

"Mama," alisema kwa upole, maana alimpenda, "hakuumia. Mungu haumii. Ule mwili ulikuwa wa kuonekana tu."

"Na misumari je?"

"Ilipita kwenye kivuli, mama."

Mama alimtazama weee. "Kumbe humu nimo peke yangu," akasema.

"Kaka, toka nje," Mshonaji alisema.

"Nimemwambia ukweli tu, mdogo wangu."

"Nimesema toka!"

Akambembeleza mama yake. "Usimsikilize, mama. Alilia yule. Alisikia kiu. Si imeandikwa?"

"Mwanangu amesoma," mama akajibu. "Nimemsomesha mwenyewe, kwa mikono hii."

Hakuomba tena. Siku ya nne, saa sita mchana, alikata roho amekamata ubao, kimya.

Mwalimu alipoingia, Mshonaji alikuwa anamwosha maiti.

"Mwishoni alimwita nani?" kaka aliuliza.

"Hakumwita mtu."

Mwalimu akapiga magoti. Aliomba kitambaa, akaanza kuosha nyayo za mama yake, visigino vilivyopasuka kwa sabuni za watu. Leso haikutoka mfukoni.

"Bado ana joto," alisema.

"Ni mwili, kaka. Ulidhani ni nini?"

Mwalimu hakurudi tena kwenye kikundi kile. Amekuja kwa dada yake mara tatu kuomba msamaha, na mara zote tatu amekaribishwa, akapewa chai, akashonewa vifungo vilivyong'oka. Ila akianza tu, "Kuhusu mama...", Mshonaji huinuka akaenda uani. Husimama pale mpaka asikie mlango wa mbele umefungwa. Neno la kumsamehe amelitafuta moyoni kwa dhati, na bado hajalipata.